Kilo Moja Kila Mfuko

Mgeni akilisikia jina la Mashamba kabla ya kufika Kolwezi, mji wa madini wa Kongo, hutazamia mahindi na mihogo. Akifika anaoneshwa shimo. Mashamba Mashariki na Mashamba Magharibi ni machimbo ya wazi ya shaba na kobalti, jirani na Dikuluwe, na wazee wa kampuni ya madini ya Gécamines waliyaunganisha majina ya Dikuluwe na Mashamba wakapata DIMA. Ngazi za udongo mwekundu na wa kijani zinashuka moja chini ya nyingine mpaka gari kubwa kule chini linafanana na siafu. Baba alikuwa fundi wa pampu huko. Sisi watoto tulikulia Kapata, mtaa wa wafanyakazi, na mvua ya kwanza ya Oktoba ilipopiga bati tulijua atachelewa kurudi.

Shimo la wazi ni bakuli. Mvua ikinyesha linajaa, na maji ya chini ya ardhi nayo hayalali. Kazi yote ya kule chini inasimama juu ya pampu: zikinyamaza, chimbo linageuka ziwa, na ndivyo ilivyotokea kwa machimbo kadhaa ya Kolwezi nchi ilipodorora. Kwa hiyo baba hakuwa na mzaha na pampu. Iliyotengenezwa gereji, ikawashwa mezani na kuzunguka vizuri, kwake ilikuwa bado haijatengenezwa. Aliitumbukiza kwenye pipa la maji ya tope, akaifunga kwa boliti zilezile na bomba lilelile litakalotumika, akaiacha ifanye kazi wakati yeye anakula. Vijana wa gereji walinung'unika. Jibu lake nililisikia mara nyingi hata nyumbani, akilitumia kwa mambo yasiyohusu pampu, pamoja na wachumba wa dada zangu: "Ku meza kila kintu kinazunguka. Maji njo itasema."

Mwaka 2003 alikuwa miongoni mwa maelfu waliochukua malipo ya kuondoka kwa hiari Gécamines. Sehemu ya fedha ile ilininunulia kompyuta iliyotumika, nzito kama jiwe la msingi, na kuanzia hapo mimi nikaenda njia yangu. Nilisomea Lubumbashi, nikarudi Kolwezi, na miaka michache baadaye nikawa ninaandika programu ya mizani kwa ajili ya depo moja inayonunua madini ya wachimbaji wadogo. Wanawake wanaoosha mawe waliniita Mama Odinatere, yaani Mama Kompyuta, ingawa wakati huo sikuwa na mtoto wala mume.

Lazima nieleze depo kwanza, maana bila hiyo kosa langu litaonekana dogo. Mchimbaji akileta mfuko, mashine mbili zinaamua atalala na nini. Ya kwanza ni mizani. Ya pili ni metorex, kifaa kinachofanana na bunduki fupi: kinapiga miale ya eksirei kwenye unga wa jiwe na kusoma una asilimia ngapi ya kobalti au shaba. Metorex lilikuwa jina la chapa. Siku hizi pale kwenye soko la madini la Musompo na kwenye madepo mengine kila mashine ya kupima kiwango inaitwa hivyo, hata ikiwa imetoka kiwanda kingine. Wachimbaji wengi hawaiamini, kwa sababu rahisi kwamba anayeishika ndiye anayenunua. Mizani wanaiamini kidogo zaidi. Uzito mtu anaujua begani.

Tatizo la mizani ni kwamba kila kiwanda kinatengeneza yake inayozungumza lugha yake. Moja inatuma tarakimu zake kwenye kebo mara kumi kwa sekunde bila kuulizwa, nyingine inangoja iulizwe, ya tatu inatanguliza alama ya kujumlisha na inamaliza na herufi mbili ambazo kitabu chake hakizielezi. Sikutaka kuandika programu upya kila depo inaponunua mizani mpya. Niliigawa kazi: kiini kimoja kinachotunza vitabu na kuchapa risiti, na moduli ndogondogo pembeni, moja kwa kila aina ya mizani, moja kwa metorex, moja kwa printa. Kiini kikiamka kinatazama kwenye folda, kinakuta faili za moduli, kinazipakia na kuziuliza zinaitwaje. Mizani mpya ikija, naandika moduli mpya, naituma kwa simu kama mtu anavyotuma picha, na mzee wa mizani anaiweka kwenye folda kwa flashi. Nilijivunia mpango huo, na sioni haya kusema hivyo.

Niliandika kwa lugha ya C#, inayoendeshwa na .NET. Kwa kawaida programu ya namna hiyo haiwi lugha ya mashine moja kwa moja. Inabaki katika hali ya katikati, na inatafsiriwa papo hapo wakati inafanya kazi, kipande baada ya kipande, kadiri kinavyohitajika. Ni kama fundi anayeshuka shimoni na gereji nzima mgongoni: akihitaji boliti isiyokuwapo, anaichonga hapohapo. Anaweza kufanya lolote, lakini anatembea polepole. Pale depo umeme ulikuwa unakatika na kurudi mara kadhaa kwa siku, na kila uliporudi kompyuta yetu ndogo isiyo na feni ilichukua muda wa kutosha watu kumaliza malalamiko yao na kuyaanza upya.

Kuna njia nyingine: kutafsiri mapema. Kompaila inaigeuza programu yote kuwa lugha ya mashine kabla haijatoka nyumbani, na fundi anashuka na alichofunga tu, mwepesi, mwenye haraka. Waliokuwa na simu za Android mwaka 2014 au 2015 waliliona jambo hili bila kulijua jina. Simu ikipata toleo la 5 ilikuwa inakawia kuwaka huku ikihesabu programu ya saba kati ya sitini, ya nane kati ya sitini. Ilikuwa inazitafsiri zote mapema ili zifunguke upesi baadaye. Toleo la 7, mwaka 2016, likachanganya njia zote mbili, na ile hesabu ya kuchosha ikatoweka. Kwa upande wa .NET, njia inayoitwa Native AOT iliingia rasmi katika toleo la 7 mwishoni mwa 2022, ikapanuliwa katika toleo la 8 la Novemba 2023. Niliijaribu nyumbani Desemba hiyo. Programu ilifunguka kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Nilicheka peke yangu.

Kile ambacho sikukipa uzito ni kwamba kutafsiri mapema kunakuja na kupogoa. Kompaila inatoka na panga: inaanza kwenye mlango wa programu, inafuata kila mwito, na tawi lisiloitwa na mtu inalikata ili mzigo upungue. Ni akili nzuri, ila panga linaona miito iliyoandikwa tu. Moduli zangu haziitwi kwa maandishi. Zinaitwa kwa majina yanayosomwa kwenye folda wakati wa kazi, majina ambayo kompaila haijawahi kuyasikia. Tena faili zenyewe zilikuwa bado katika ile hali ya katikati, na ndani ya programu iliyotafsiriwa mapema hakuna tena mkalimani wa kuzisoma. Alibaki nyumbani.

Kompaila ilinionya. Iliandika onyo lenye namba IL2026 kando ya mstari unaopakia moduli, na ilieleza wazi kwamba mwito huu haupatani na kupogoa. Nililizima. Nilikuwa na sababu iliyoonekana nzuri: majaribio yangu, zaidi ya mia mbili, yalikuwa yamepita yote, rangi ya kijani kutoka juu hadi chini.

Siku ya kwanza depo, Jumamosi asubuhi, watu wamepanga foleni na mifuko yao, mzee wa mizani aliniita.

"Mama Odinatere, masini inakataa."

"Inasema nini, papa?"

"Haina kusema kintu. Inajifunga tu."

Nilirudisha toleo la zamani kutoka kwenye flashi na kazi ikaendelea. Nyumbani nilielewa kwa nini kijani changu kilikuwa cha uongo. Chombo cha majaribio kinaiendesha programu kwa njia ya kawaida, kwa kutafsiri papo hapo, na gereji nzima mgongoni. Yale majaribio mia mbili hayakuwahi kuigusa ile programu niliyoipeleka depo hata mara moja. Yaliipima ndugu yake mwenye sura moja na jina moja. Na nilipoiwasha nyumbani kwa mkono nilitumia mizani bandia, ambayo niliiandika ndani ya kiini, kwa hiyo panga halikuikata. Pampu yangu ilikuwa inazunguka mezani.

Awamu ya pili niliingia kwa heshima zaidi, lakini bado si ya kutosha. Native AOT ina njia yake halali ya moduli: kila moja inajengwa kuwa maktaba ya lugha ya mashine, inafungua milango michache yenye majina yaliyokubaliwa, na kiini kinaifungua kama kinavyofungua maktaba yoyote ya Linux. Kuna gharama. Faili iliyokuwa ndogo kuliko picha ya simu ilivuka megabaiti moja, kwa sababu kila moduli sasa inabeba ndani yake injini yake na mfagiaji wake wa kumbukumbu. Ukishaifungua huwezi kuifunga tena mpaka programu izimwe. Na mlangoni haipiti kila kitu. Vitu vyenye aina zake, vile ambavyo .NET inavikagua mlangoni kama askari wa forodha, vinabaki ndani. Kinachopita ni namba na baiti.

Hapo nikakutana na jambo linalonishangaza hadi leo. Nilikuwa na jaribio zuri sana la kebo mbovu: unaipa moduli ya mizani tarakimu zilizokatika, na jaribio linataka moduli irushe kosa. Ilirusha, jaribio likawa kijani. Pale depo kebo iliguswa na mguu wa mtu, tarakimu zikakatika, moduli ikarusha kosa kama ilivyofundishwa, na programu nzima ikafa. Kosa la .NET halivuki mlango wa maktaba ya namna hii. Likifika kizingitini halina mtu wa kulipokea, na mfumo unaua kila kitu. Tabia niliyoisifu mezani ndiyo iliyoua shimoni. Jaribio halikuwa na dosari katika lugha yake yenyewe. Lilikuwa linauliza swali la ulimwengu mwingine.

Printa ilikuwa na kisa chake. Moduli yake ilifunguka asubuhi kwa adabu zote, ikajitambulisha, ikaanguka risiti ya kwanza ilipoitwa. Ilikuwa inategemea maktaba nyingine iliyokuwapo kwenye laptopu yangu na isiyokuwapo kwenye kompyuta ya depo, na .NET haiitafuti maktaba ya namna hiyo mpaka siku inapoitwa mara ya kwanza. Moduli nyingine niliijenga kwa haraka kwenye laptopu yenye Ubuntu 22.04; Debian 11 ya depo ikaikataa papo hapo, ikisema toleo la maktaba ya C linalotakiwa halipo. Hiyo ya mwisho nilikaribia kuishukuru, kwa kuwa ilikataa kabla mtu hajapima mfuko.

Maana kuna lililokuja baadaye, na hilo halikukataa wala kuanguka.

Baada ya wiki mbili za utulivu, depo waliomba programu itoe uzito wa mfuko mtupu. Nilibadilisha kiini na moduli. Awali moduli ilijaza vijisanduku viwili vya kumbukumbu: cha kwanza uzito, cha pili hali ya mizani, ambapo 1 maana yake imetulia. Sasa vikawa vitatu: uzito, uzito wa mfuko mtupu, na namba ya kosa, ambapo 0 maana yake hakuna kosa. Nikajenga upya kiini na moduli, nikajaribu, kijani. Nikavipeleka. Kiini kikawekwa. Moduli mpya ya mizani kubwa ikawekwa. Ya mizani ndogo, ile inayotumiwa na wanawake, ikasahaulika kwenye flashi.

Moduli ya zamani ikaendelea na kazi yake kwa uaminifu. Ilijaza uzito kwenye kijisanduku cha kwanza na 1 kwenye cha pili, ikimaanisha mizani imetulia. Kiini kipya kikasoma: uzito wa mfuko mtupu, kilo 1. Cha tatu hakuna aliyekigusa, kikabaki 0, yaani hakuna kosa. Risiti zikatoka safi, zenye nembo ya depo, na kila mfuko umepungua kilo moja.

Katika mtindo wa zamani, wa kutafsiri papo hapo, hili lisingepita. Askari wa forodha angelinganisha aina za kiini na za moduli, angeona hazifanani, angepiga kelele na kuzuia mzigo. Katika lugha ya mashine hakuna askari. Baiti nne ni baiti nne. Nilipoamua kubadili njia nilikuwa nimesoma habari za kasi na ukubwa wa faili. Hili la askari nililisoma pia, nikaliona ni jambo la wataalamu wa mbali.

Aliyeligundua ni mama mmoja anayeosha mawe na kuuza mifuko miwili au mitatu kwa siku. Alikuja siku ya tatu, hakupiga kelele, akasimama mbele ya meza yangu.

"Mizani yenu inakula."

"Inakula nini, mama?"

"Kilo. Moja ku kila mufuko. Nilipimaka kwetu mbele ya kukuya hapa."

Mzee wa mizani alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hitilafu ya kawaida haichagui namba nzima. Mizani iliyochoka inapoteza gramu mia mbili leo na mia tatu kesho. Inayopoteza kilo moja kamili, kila mara, imeagizwa. Watu waliokuwa kwenye foleni walifikiri vilevile, tofauti ni kwamba wao walidhani imeagizwa na mwenye depo. Kwa dakika kadhaa nilijua kosa ni langu na sikulisema. Niliwaacha wamtazame yeye. Hilo linaniuma kuliko kosa lenyewe.

Kwa bahati risiti zilihifadhi uzito kabla na baada ya kupunguza, kwa hiyo kila kilo iliyoliwa ilikuwa na jina na tarehe. Nilimweleza mwenye depo kwa ukamilifu. Alinitazama kwa muda, akaniuliza kama ninajua bei ya kilo moja ya heterojeniti, yale mawe ya kobalti, ya kiwango kile, akalipa. Ilikuwa mifuko mia nne na zaidi. Waliorudi na risiti walipokea fedha zao. Wengine walikuwa wamekwisha kuhamia mashimo mengine, upande wa Fungurume au Likasi, na risiti zao wamezitupa. Orodha yao bado ninayo.

Usiku ule nilimsimulia baba, nikitegemea pole. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza habari ya roketi. Wazee wa Katanga wa rika lake wanaikumbuka: mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Kijerumani iliyoitwa OTRAG ilikuwa inajaribu roketi kaskazini mwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, roketi zilizoundwa kwa mabomba yanayofanana, yaliyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Waliotaka roketi kubwa zaidi wangeongeza mabomba. Ya kwanza ilipaa vizuri. Ya pili ikarushwa Mei 1978, wiki zilezile ambazo Kolwezi ilikuwa vitani. Ya tatu, mwezi Juni, ilirushwa Rais Mobutu akitazama, ikapinda na kuanguka. Baba alisimulia kwa furaha ambayo sikuielewa. Nilimwuliza ina uhusiano gani na mimi. Akasema hakuna, amekumbuka tu.

Nilitumia Januari yote kujenga pipa la maji.

Kanuni ya kwanza ilikuwa kwamba kinachojaribiwa ni faili ileile itakayopanda gari, baiti kwa baiti, wala si mwandiko ulioizaa. Niliandika programu ndogo ya pembeni, nayo imetafsiriwa mapema, isiyojua chochote kuhusu ndani ya moduli. Inaifungua kama kiini kinavyoifungua, inabisha kila mlango walau mara moja, pamoja na milango ambayo hutumika mara moja kwa mwezi, na inafanya hivyo ndani ya Debian 11, ya umri wa kompyuta ya depo. Kwa mizani nilipita madepo mawili nikirekodi kila baiti inayotoka kwenye kebo siku nzima: mifuko ikipandishwa, ikishushwa, mtoto akiikalia mizani kwa mchezo, umeme ukikatika katikati ya tarakimu. Sasa kuna kebo ya uongo ndani ya Linux, upande mmoja inacheza rekodi hizo na upande mwingine moduli inasoma ikidhani iko depo. Rekodi ya yule mtoto imenisaidia kuliko jaribio lolote nililolibuni kwa akili yangu.

Kisha nikafanya kazi ambayo majaribio yangu ya zamani hayakuwahi kuifikiria: kupeleka vibaya kwa makusudi. Naondoa moduli moja. Naiweka ya mwaka jana. Naikata faili nusu, kama flashi iliyochomolewa mapema. Naweka iliyojengwa kwa prosesa ya aina nyingine. Kila mara kiini kinatakiwa kusimama na kusema ni faili gani na kwa nini, kwa maneno ambayo mzee wa mizani anaweza kunisomea kwenye simu. Ili kiweze, kila moduli ilipata mlango mmoja wa ziada, unaobishwa kabla ya mingine yote. Mlango huo unarudisha namba ya mkataba na ukubwa wa vijisanduku vyake. Zikitofautiana na za kiini, hakuna upimaji. Ni mistari michache ya programu. Ingekuwapo Desemba, yule mama asingenijua.

Maonyo ya kompaila sasa ni makosa; likitokea moja, hakuna faili inayojengwa. Yale majaribio mia mbili sikuyatupa. Ni ya haraka, yanakamata hesabu mbovu ndani ya sekunde chache, na ninayaendesha kila ninapohifadhi faili. Niliacha tu kuyauliza kama tuko tayari kwenda.

Rafiki yangu wa Lubumbashi, mwandishi wa programu za benki, alinisikiliza na kuniambia nimejitwisha mzigo wa bure. Kama unatafsiri mapema, alisema, weka kila kitu ndani ya kiini na uachane na moduli. Kompaila itaona miito yote, askari atarudi kazini, na hakutakuwa na faili ya kusahaulika kwenye flashi. Nilibishana naye jioni nzima, na nikashindwa kwa kiasi kikubwa. Printa na metorex hazikuwa zimebadilika kwa mwaka mzima. Nilizipakia kando kwa sababu tu nilipenda mpango wangu. Zimehamia ndani. Mizani zimebaki nje, kwa kuwa depo ikinunua mizani iliyotumika siku ya Ijumaa inataka kupima Jumamosi, na kwa mtandao wetu wa mvua ni afadhali kutuma megabaiti moja kuliko kutuma programu nzima na kuomba Mungu.

Pipa lenyewe liko Kapata, kwenye ua wa baba, chini ya mwembe. Ni kompyuta ndogo kama ya depo, kichwa cha mizani cha zamani, na waya wa umeme ambao baba anauchomoa anapojisikia, bila kuniambia. Amekabidhiwa kazi hiyo na anaipenda mno. Moduli mpya haitoki mpaka apime vitu vyake mwenyewe, maana rekodi zangu haziamini kabisa.

Mwezi uliopita nilileta moduli ya mizani mpya. Baba alipandisha mfuko wa unga wa mahindi alioununua siku hiyo, wa kilo 25. Kioo kikaonesha 24. Alinigeukia polepole. Nilihisi jasho la Desemba likirudi. Nikaangalia namba ya mkataba: inalingana. Uzito wa mfuko mtupu: 0. Tukaushusha mfuko, tukaweka jiwe lake la chuma la kilo 20, lililopigwa muhuri tangu enzi za gereji. 20. Tukaongeza la 5. 25. Tukarudisha unga. 24.

Baba alivaa kofia, akaufunga mfuko nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tairi, akaomba nimchapie risiti.